Foleni ya Busia na mwanamke aliyesomea mawe

NI saa kumi na mbili na nusu asubuhi mjini Busia. Foleni ya matangi ya mafuta imeshatoka kwenye lango la forodha, ikapita maduka na nyumba za wageni, ikashika njia ya Kisumu hadi mkia wake hauonekani. Utingo mmoja ananawa uso kwa maji ya chupa. Mwenzake bado amelala chini ya trela, viatu vyake amevifanya mto. Kando ya barabara mama wa chai wamekwisha kuwasha makaa, na harufu ya mandazi imechanganyika na ya dizeli kiasi kwamba sisi wa mpakani hatuwezi tena kuzitenganisha.

Mmoja wa mama hao ni mzazi katika shule ninayofundisha huko Tororo. Watoto wake wanne wanasomeshwa na foleni hii. Magari yakipita bila kusimama, yeye hurudi nyumbani na birika limejaa chai iliyopoa. Karatasi fulani ikichelewa Kampala au Nairobi na madereva wakakesha barabarani, siku hiyo karo inapatikana.

"Mwalimu, leo Mungu amewafungia njia," huniambia akicheka, huku akihesabu vikombe.

Asubuhi hiyo hakucheka. Alinishika mkono akanivuta kando. Binti yake wa pili alikuwa amefaulu vizuri mtihani wa kidato cha nne, na sasa alikuwa ameleta nyumbani karatasi ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Alikuwa amejaza fizikia, kemia na hisabati. Mzazi alitakiwa kutia sahihi kabla ya Ijumaa.

"Anasema anataka kusomea mawe," mama aliniambia, sauti ameishusha kana kwamba ni habari ya aibu. "Mawe, mwalimu! Nani atamlipa mtu mshahara kwa sababu ya mawe?"

Nilimwonyesha tangi lililokuwa limesimama mbele yetu. Nikamwambia mafuta yaliyomo humo yaliingizwa kwa jina la shirika ambalo lilikuwa chini ya mtu aliyesomea mawe, na mtu huyo ni mwanamke. Alilitazama lile lori, akanitazama mimi, kisha akatabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mtoto anayesema uongo mtamu. Kabla sijaendelea, lango lilifunguliwa, injini zikanguruma na wateja wake wakaanza kuondoka bila kulipa. Akawakimbilia.

Mwanamke niliyetaka kumweleza habari zake anaitwa Proscovia Nabbanja. Msomaji asimchanganye na Robinah Nabbanja aliyeteuliwa kuwa Waziri Mkuu wa Uganda mwaka 2021. Huyo ni mwanasiasa na jina lake linajulikana hata na watoto. Huyu ninayemsema ni mwanajiolojia. Alikabidhiwa Shirika la Kitaifa la Mafuta la Uganda, lile linalofupishwa UNOC, kwa kukaimu mwaka 2019, na mwaka uliofuata akathibitishwa kuwa afisa mkuu mtendaji. Hapa mpakani, ambako karibu kila shilingi ina harufu ya petroli, sijakutana na mtu hata mmoja kati ya kumi anayelijua jina lake.

Safari yake haikuanzia katika ofisi yenye zulia. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha Makerere, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaingia katika idara ya utafiti wa mafuta ya Wizara ya Nishati, kule Entebbe. Hapo nataka tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yenyewe.

Wakati huo Uganda haikuwa na mafuta. Yaani, ilikuwa na tetesi za mafuta. Mwanajiolojia Mwingereza, E. J. Wayland, alikuwa ameandika tangu miaka ya 1920 kuhusu mafuta yanayovuja juu ya ardhi katika bonde la Ziwa Albert. Kisima cha kwanza kilichimbwa Waki mwaka 1938, kisha vita vya dunia vikaja na shughuli ikalala. Baadaye tukapata uhuru, tukapata Amin, tukapata vita vyetu wenyewe. Serikali ilipoanza kuifufua kazi hiyo miaka ya 1980, kamishna Reuben Kashambuzi na wenzake walichukua njia ambayo wengi waliiona ya kuzungukazunguka: badala ya kuwaachia wageni kila kitu, waliwapeleka vijana wa Uganda vyuoni ng'ambo wajifunze kusoma ardhi, ndipo waje wajadiliane na kampuni kubwa wakijua wanachokizungumzia.

Kwa hiyo binti aliyeingia ofisi ile mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa analipwa mshahara wa serikali, ambao sisi walimu tunaujua ulivyo, ili atafute kitu ambacho hakuna aliyeweza kuapa kwamba kipo. Kazi ya mwanajiolojia wa mafuta ni kusafiri hadi bondeni, kupiga nyundo miamba, kuchukua vipande vya mawe yaliyotolewa visimani na kuvitazama kimoja kimoja, kusoma picha za mawimbi yanayopigwa ardhini na kurudishwa juu, kisha kuchora ramani ya tabaka ambazo jicho halitaziona kamwe. Ukikosea, kampuni inachimba shimo kavu la mamilioni ya dola. Ukipatia, jina lako haliandikwi popote.

Mwaka 2006 mafuta ya kutosha kufanyiwa biashara yalithibitishwa. Hesabu za baadaye zilifika mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini, ingawa yanayoweza kutolewa ni kama robo tu ya hayo. Nabbanja alikwenda Imperial College jijini London kwa shahada ya uzamili ya jiolojia ya mafuta, na huko huko baadaye akachukua ya usimamizi wa biashara. Alirudi wizarani, akapanda ngazi polepole. Shirika la mafuta lilipoanza kazi, yeye alihamia huko mwaka 2016 kusimamia upande wa utafutaji na uchimbaji. Tayari alikuwa ametumia miaka kama 15 katika utumishi wa umma.

Shirika lenyewe lilisajiliwa mwaka 2015, na wakuu wake wawili wa kwanza wote ni wanawake. Aliyemtangulia Nabbanja ni Dkt Josephine Wapakabulo, aliyeongoza kuanzia 2016 hadi 2019. Huyu ni mtoto wa mashariki kwetu. Marehemu baba yake, James Wapakhabulo, aliwahi kuwa Spika wa Bunge, naye pia alionja maisha ya uhamishoni. Nilipoteuliwa kuwa mwalimu wa darasa mwaka ule alioteuliwa yeye, niliikata picha yake gazetini nikaibandika ukutani. Mvulana mmoja akamchorea masharubu. Niliiacha hapo hapo, na masharubu yake.

Na si mafuta pekee. Mfanyabiashara yeyote wa Busia aliyelipa ushuru kati ya 2001 na 2020 aliulipa kwa mamlaka iliyoongozwa na mwanamke: kwanza Annebritt Aslund kutoka Uswidi, kisha Allen Kagina kwa miaka 10 tangu 2004, kisha Doris Akol. Ukivuka upande wa Kenya, mkulima wa mtama wa Busia anauza nafaka yake kwa kiwanda cha bia, na kampuni mama ya kiwanda hicho, East African Breweries, ilimpata Jane Karuku kuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza mwaka 2021. Utaona basi kwamba kwa robo karne mpaka huu umekuwa ukitawaliwa kutoka mbali na wanawake, huku wanawake walio hapa wenyewe wakiuza chai na nyanya na kuvusha sukari kwa njia za panya.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini jambo hili linaniwasha.

Nilivuka mpaka huu mwaka 1987 nikiwa na umri wa miaka saba, nimeshika kona ya leso ya mama. Mwaka huo vita vilikuwa vimeenea Teso, na wapiganaji wa Alice Lakwena walikuwa wamefika Tororo na kupigana kwenye vilima vya Sukulu, ambavyo siku hizi nawaonyesha wanafunzi wangu kupitia dirisha la darasa. Sisi Iteso tuna bahati moja mbaya na nzuri: tuko pande zote mbili. Tulifikia kwa shangazi upande wa Kenya, karibu na Malaba. Desemba ya mwaka huo majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa. Tulidhani tungekaa hadi Krismasi. Nilikaa miaka 16.

Shule nilisomea huko. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata huko, maana nyumbani Uganda wakati ule kilihesabiwa kuwa lugha ya askari na wezi. Nilikuwa mzuri katika sayansi. Sisemi hivyo kwa majivuno. Karatasi zipo, mama alizitunza ndani ya mfuko wa unga. Tulipofika kidato cha tatu, wakati wa kuchagua masomo, mwalimu mmoja alipita akikusanya majina ya watakaoendelea na fizikia. Maabara ilikuwa na viti 20. Alipofika kwangu alisema viti ni vichache, na mkimbizi hajui kesho atakuwa wapi, na isitoshe ni msichana. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenipunguzia mzigo. Niliandika historia na jiografia, nikamshukuru.

Niliporejea Tororo mwaka 2003 na cheti changu cha ualimu, ofisi moja ilinizungusha karibu mwaka mzima ikitaka kuthibitisha kwamba alama za Kenya ni alama. Hatimaye nikapata darasa. Ninafundisha jiografia na Kiswahili, na huwa naanza somo la miamba kwa kuwatoa wanafunzi nje na kuwaonyesha Mwamba wa Tororo, ule unaosimama juu ya mji kama jino moja lililobaki. Ni mabaki ya volkano ya kale. Milima iliyouzunguka imeliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, hilo jiwe gumu la koo ndilo lililobaki. Ukiwaambia hivyo wanafunzi hunyamaza. Kisha nawaonyesha Sukulu kwenye fosfati, na moshi wa kiwanda cha saruji, kazi iliyoanza hapa miaka ya 1950 kwa sababu ya chokaa iliyo chini ya miguu yetu. Na wale wanaotoka Busia, upande wa Tiira, wananifundisha wao: mama zao huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, na mtoto wa miaka 10 anaweza kukuambia jiwe lipi lina kitu na lipi ni la kutupwa. Hiyo ni jiolojia tayari, isipokuwa haina cheti wala kofia ya kujikinga, na zebaki wanaishika kwa mikono mitupu.

Ndipo inapofika karatasi ya kidato cha tano. Wasichana wale wale walionyamaza mbele ya mwamba wanaandika historia, uchumi, dini. Nikiwauliza, wananipa majibu yale yale niliyopewa mimi, ila sasa wanajipa wenyewe bila kuambiwa na mtu.

Tumrudie Nabbanja. Kazi yake ilipata jaribio kubwa mwishoni mwa mwaka 2023, na jaribio hilo lilipita hapa hapa barabarani kwetu.

Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yanayotumika Uganda huingilia Mombasa, yakasukumwa kwa bomba la Kenya hadi Eldoret na Kisumu, kisha yakapakiwa kwenye matangi. Ya Eldoret huvukia Malaba, ya Kisumu huja Busia. Mpango wa kurefusha bomba kutoka Eldoret hadi Kampala ulizungumzwa miaka mingi, na kampuni ya Tamoil ya Libya ikapewa kazi, lakini bomba halikujengwa. Ndiyo maana tuna foleni. Na ndiyo maana Kenya ikipiga chafya, sisi tunalazwa. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, barabara na reli zilifungwa na lita ya petroli ikafika hata shilingi 10,000 za Uganda katika baadhi ya sehemu. Akiba ya taifa kule Jinja ilikuwa matangi matupu. Januari 2022 yakajirudia: madereva waligoma kwa sababu ya ada ya kupimwa korona mpakani, foleni ikarudi nyuma kilomita nyingi ndani ya Kenya, na bei ikaruka tena. Mama wa chai anakumbuka mwezi huo kama wengine wanavyokumbuka mavuno mazuri.

Miaka yote hiyo kampuni za Uganda zilinunua mafuta kupitia kwa waagizaji wa Kenya. Kenya ilipoingia mwaka 2023 katika mkataba wa kununua kwa mkopo kutoka kampuni za serikali za Saudi Arabia na Milki za Kiarabu, Uganda ilipandwa na hasira ikisema madalali wanaongeza bei. Novemba mwaka huo Bunge la Kampala lilipitisha sheria iliyolipa shirika la Nabbanja peke yake haki ya kuagiza mafuta ya nchi nzima, kwa mkataba wa miaka mitano na kampuni ya Vitol.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Ili kupitisha mafuta Mombasa, shirika lilihitaji leseni ya Kenya, na leseni hiyo ilikuwa na masharti yaliyotungwa kwa ajili ya kampuni za Kenya, likiwemo la kumiliki vituo vya petroli humo nchini. Desemba Uganda iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Nakumbuka wasiwasi uliokuwepo hapa. Watu wa Busia wana ndugu pande zote mbili. Serikali zinapogombana, sisi ndio tunaoambiwa tuonyeshe vitambulisho. Baba mmoja mwendesha bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa katika mpaka huu huu kwa wale waliobeba watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, alianza kununua petroli na kuiweka ndani ya nyumba kwenye mitungi ya mafuta ya kupikia. Nilimsihi aitoe. Wanawe walikuwa wanalala chumba hicho.

Mazungumzo yalifanyika, marais wakakutana, na katika mwaka 2024 leseni ikatolewa. Julai mwaka huo shirika likaanza kuagiza. Matangi yanayopita mbele ya birika la mama yule yalikuwa na rangi na majina yale yale ya kampuni za zamani, kwa sababu hizo bado ndizo zinazosafirisha na kuuza rejareja. Kilichobadilika ni jina lililo kwenye karatasi za bandarini, na mabadiliko ya aina hiyo hayaonekani kwa macho.

Je, yalitufaa? Sitaki kumpamba mtu. Bei kwenye vituo vyetu haikuporomoka kama tulivyoahidiwa na wanasiasa. Sehemu ya sababu si ya shirika: bei ya dunia haiulizi Kampala, na mwaka huo huo serikali iliongeza ushuru wa shilingi 100 kwa kila lita, kwa hiyo kilichookolewa kwa mkono mmoja kilichukuliwa kwa mwingine. Lakini pia nchi nzima imetegemezwa kwa mnunuzi mmoja na muuzaji mmoja, na mimi niliyeona 2008 silali vizuri nikilifikiria jambo hilo. Matangi ya Jinja, ambayo shirika lilikabidhiwa, yanachukua lita milioni 30. Uganda inateketeza karibu lita milioni saba kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Kuna na lawama nyingine zisizoweza kufichwa. Shirika lina asilimia 15 katika visima vya Tilenga na Kingfisher, na asilimia 15 katika bomba la kilomita 1,443 linaloelekea Tanga. Mkataba wa uwekezaji ulitiwa sahihi Februari 2022, na miezi michache baadaye Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga bomba hilo kwa sababu ya mazingira na watu waliohamishwa mashamba yao. Mafuta ya kwanza yaliahidiwa mwaka 2025, tarehe ikasogezwa. Anayekikalia kiti hicho analaumiwa na wanaosema anachafua dunia na wanaosema anachelewa kuichafua. Sidhani mtu huzoea.

Lakini lililonikosesha usingizi baada ya mazungumzo yangu na mama wa chai ni jingine kabisa.

Machi 2025 Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Alpha MBM ya Milki za Kiarabu wa kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta Kabaale, Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku. Shirika lina asilimia 40. Kiwanda hicho kikisimama, petroli itateremka kutoka magharibi kwa bomba hadi karibu na Kampala. Na Oktoba 2024 ulitiwa sahihi mkataba wa reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Ukiyaweka pamoja, jibu ni moja: matangi yatapungua, huenda yakaisha. Kwa mwanajiolojia aliyeanza kazi kabla pipa la kwanza halijathibitishwa, hicho kitakuwa kilele cha kazi ya maisha. Kwa barabara ya Busia itakuwa asubuhi yenye chai nyingi na wanywaji wachache.

Niliyafikiria hayo nilipomrudia mama yule siku ya Alhamisi, jioni, alipokuwa anaosha vikombe. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria. Badala yake nikamweleza tu, kama nilivyowaeleza ninyi: binti wa Makerere, ofisi ya Entebbe, miaka 15 ya kutazama mawe, London, shirika, ugomvi wa leseni, kiwanda cha Hoima. Sikumficha kwamba bintiye anaweza kusoma fizikia na asifike popote, nimewaona wengi. Wala sikumficha kwamba foleni hii, anayoitegemea, kuna watu wanaolipwa vizuri kuimaliza.

Alisikiliza akiwa ameinama juu ya karai. Nilipomaliza, aliuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia.

"Huyo mama wa mafuta, karo yake ililipwa na nani?"

Nikamwambia kwamba hilo sijui. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba jibu hilo lilikuwa la maana kuliko yote niliyosema. Alifuta mikono kwa leso, akaitoa ile karatasi kutoka chini ya kopo la sukari. Ilikuwa na duara la chai kwenye pembe. Akaninyoshea.

"Nisomee tena ada ya maabara, mwalimu. Kwa muhula au kwa mwaka?"

"Kwa muhula."

Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza, macho yake yakiwa kwenye foleni. Taa za matangi zilikuwa zimewashwa, moja baada ya nyingine, hadi mbali upande wa Kisumu. Kwenye lango, kwa sauti ya vipaza, walikuwa wanatangaza kwamba mitambo ya forodha imekwama na hakuna gari litakalovuka hadi asubuhi.

Akaweka tena birika jikoni.